Kesi ya O.J. bado inaunguruma... kwa kinyozi wangu!

Ukiniona wiki hii nimevaa kofia usidhani nimeanza maringo. Nina kichwa nusu. Upande wa kulia umenyolewa safi, upande wa kushoto msitu. Kinyozi wangu wa Magomeni alizima mashine Jumamosi katikati ya kazi ili abishane vizuri, na ubishi ulipokolea umeme nao ukakatika. Nikaondoka hivyo hivyo.

Walichokuwa wakigombania si Simba na Yanga, wala si siasa. Ni O.J. Simpson!

Ndiyo, O.J. yule yule. Mtu mwenyewe amekwisha kufa, Aprili 10, 2024 kule Las Vegas, kansa ya tezi dume, umri miaka 76. Lakini kijana mmoja kwenye benchi, bado mbichi kabisa, huenda alizaliwa kesi imeisha zamani, alikuwa amemaliza kuangalia kwenye simu ile tamthilia ya mwaka 2016 inayohusu kesi hiyo. Akaropoka: "Anko, huyu jamaa kaua. Mchana kweupe." Kinyozi akazima mashine. "Mahakama imesema hana hatia. Wewe ni nani? Jaji?" Basi ikawa basi.

Na mimi, badala ya kusema "jamani nimalizieni kichwa", nikaingia mzima mzima. Maana ile kesi ninayo rohoni tangu 1995, kwa sababu ambayo nitakuambia, ngoja kwanza.

Kwa mdogo wangu ambaye jina hili halimwambii kitu: O.J. alikuwa staa wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatia mpira na kutimka huku majitu yanakuangusha. Mwaka 1973 akiwa na timu ya Buffalo Bills alikuwa wa kwanza kukimbia zaidi ya yadi 2,000 katika msimu mmoja. Akaingia pia kwenye filamu za vichekesho na matangazo ya magari ya kukodi ya Hertz. Mweusi aliyekubalika kwa wazungu wakati ambapo weusi wengi walikuwa hawafunguliwi hata mlango. Nyumba Brentwood, Los Angeles, mtaa wa wenye nazo, na marafiki wengi wazungu wa kucheza nao gofu.

Usiku wa Juni 12, 1994, Nicole Brown, mtalaka wake, miaka 35, alikutwa amechinjwa nje ya nyumba yake. Pembeni amelala kijana wa miaka 25, Ron Goldman, mhudumu wa mgahawa. Unajua alifuata nini pale? Miwani! Mama yake Nicole alikuwa amesahau miwani mgahawani jioni ile, kijana kamaliza zamu, kaona aipeleke. Huwa nikifika hapo nanyamaza kidogo.

Siku tano baadaye O.J. alitakiwa kujisalimisha polisi. Hakwenda. Akaonekana kwenye barabara kuu ndani ya Ford Bronco nyeupe, rafiki yake anaendesha, yeye kiti cha nyuma na bastola, msururu wa magari ya polisi unafuata taratibu kama wanasindikiza bibi harusi. Wamarekani wapatao milioni 95 waliangalia kwenye TV, na fainali ya mpira wa kikapu ya NBA iliyokuwa ikichezwa ikabanwa kwenye kona ya kioo. Watu wakajipanga barabarani wanampungia mkono. Mtu anashitakiwa kwa mauaji, watu wanapunga! Ustaa, bwana, ni kitu kingine.

Sasa turudi Oktoba 3, 1995. Hukumu ilisomwa saa nne asubuhi kule Los Angeles, yaani saa mbili usiku kwetu. Kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi zilikuwa zimepamba moto, mtaa mzima unazungumza Mkapa na Mrema, lakini usiku ule sisi vijana wa kijiweni tulizungukwa redio moja tunataka habari za O.J. tu. Iliposemwa ameachiwa huru tuliruka! Jamaa mmoja alinunua bia za watu wote, na si mtu wa kununua hata karanga. Tulishangilia kama vile katoka gerezani kaka yetu.

Kwa nini? Kwa sababu ni mweusi kawashinda wazungu. Hapakuwa na hesabu nyingine. Na wala usitucheke, maana weusi wenyewe wa Marekani walishangilia hivyo hivyo, na wao walikuwa na sababu nzito kuliko sisi. Machi 1991 polisi wa Los Angeles walimpiga mweusi mmoja, Rodney King, mkanda wa video upo, dunia nzima ikaona. Aprili 1992 jopo lililojaa wazungu likashindwa kuwatia hatiani polisi wale. Jiji likawaka moto, watu zaidi ya 50 wakafa. Miaka mitatu tu baadaye ndiyo unawaambia watu hao hao: waaminini polisi wa Los Angeles, damu hii tumeiokota sisi wenyewe!

Na polisi wenyewe walivyoifanya ile kazi... mwee! Hapo kinyozi wangu alikuwa anapiga meza. Mpelelezi mmoja alichukua kichupa cha damu ya mshitakiwa iliyotolewa kwa ajili ya vipimo, na badala ya kukikabidhi papo hapo, akatembea nacho mpaka nyumbani kwa mshitakiwa, mahali ambapo ushahidi ulikuwa bado unaokotwa. Wewe ukiwa wakili utaacha hiyo? Mwingine, Mark Fuhrman, yule aliyesema ameiokota glavu yenye damu nyuma ya nyumba ya O.J., aliapa mahakamani kwamba kwa miaka kumi hakuwahi kutamka lile neno la kuwatukana weusi. Zikaletwa kanda. Kumbe mzee mzima alilimwaga mara nyingi tu, sauti yake mwenyewe! Aliporudishwa kizimbani bila jopo kuwepo, akaulizwa kama alipandikiza ushahidi, akajificha nyuma ya haki yake ya kutojibu. Mwaka uliofuata alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Hesabu vizuri utaona kitu cha ajabu: katika watu wote wa kesi ile, aliyepata hatia ya jinai ni polisi.

Halafu ikaja ile ya glavu. Juni 15, 1995, mwendesha mashitaka Christopher Darden, mweusi pia, akamwambia O.J. mbele ya jopo azijaribu zile glavu. Jamaa akiwa amevaa glavu nyingine nyembamba za mpira chini yake, akahangaika, akavuta, akakunja uso, haziingii! Johnnie Cochran, wakili wake, akaja kuwaimbia jopo kwamba kama haitoshi, muachieni. Mimi nasema upande wa mashitaka walijichimbia kaburi siku ile. Hata fundi cherehani hakupimishi nguo mbele za watu kabla hajaipima yeye mwenyewe.

Kijana wa benchi naye hakulala. "Anko, vipimo je? Damu yake imekutwa pale walipouawa, damu ya marehemu imekutwa ndani ya gari lake, na kidole kimekatika. Damu za watu watatu kwenye glavu moja. Wote hao wamempakazia?" Saluni kimya. Ndiyo utamu wa kesi hii, ukimsikiliza huyu unampa pointi, ukimsikiliza yule unampa pointi.

Wengi hapa kwetu hawaelewi mambo ya jopo. Sisi tulizoea wazee wa baraza, wanamshauri jaji, naye anaweza kuukubali ushauri au kuutupa. Kule jaji Lance Ito alikuwa kama refa tu, walioamua ni raia 12: weusi tisa, wazungu wawili, mmoja mwenye asili ya Kihispania, na kati yao wanawake kumi. Walifungiwa hotelini zaidi ya miezi minane, simu kwa kibali. Wakaamua kwa muda usiofika saa nne! Na wakishasema hana hatia, basi. Hapa kwetu DPP anaweza kukata rufaa mshitakiwa akiachiwa. Kule hana ruhusa. O.J. angeweza kusimama siku ya pili katikati ya barabara akasema "nimeua", na asishitakiwe tena kwa mauaji yale.

Kinyozi aling'ang'ania: "Hawakusema ni malaika. Wamesema haikuthibitishwa." Na hapo nampa haki yake kinyozi. Shaka ikibaki, mshitakiwa anakwenda nyumbani, ndiyo sheria hata hapa Kisutu. Ila kuna mambo mengine yalipikwa. Jopo lilipopelekwa kutembelea nyumba ya O.J., mawakili wake walitoa picha ukutani, zile za marafiki wazungu, wakatundika za weusi. Wakili wake mmoja alikuja kukiri kwenye filamu ya mwaka 2016, tena anacheka! Na kwenye filamu hiyo hiyo mwanajopo mmoja mama akakubali kwamba wengi wao walikuwa wanalipa deni la Rodney King. Weka hiyo mfukoni.

Kisha pesa. Mawakili kama timu ya taifa. Yule mweusi mwenzake wa mitaa ya chini, anayeshitakiwa kwa ushahidi hafifu mara kumi ya ule, anapewa wakili wa serikali ambaye faili anafungulia kwenye ngazi za mahakama. Sisi tulishangilia mweusi kashinda. Tajiri ndiye aliyeshinda, rangi ilimsaidia kusukuma gari.

Mashabiki wa O.J. huwa hawapendi kufika 1997. Familia za marehemu zilimfungulia kesi ya madai kule Santa Monica. Kwenye madai huhitaji kuondoa shaka yote, mzani ukiinama upande mmoja inatosha. Na safari hii alilazimika kujibu maswali, maana kwenye ile ya jinai hakupanda kizimbani hata siku moja. Mauajini palikutwa nyayo za viatu vya Bruno Magli, namba 12, viatu ghali, si vya kila mtu. O.J. akasema hajawahi kuvimiliki, vibaya vile hawezi kuvaa. Zikatoka picha zaidi ya 30 za mwaka 1993 yupo uwanja wa mpira, kapiga suti, na viatu vyenyewe mguuni! Februari 1997 jopo, safari hii wazungu wengi, likasema anawajibika kwa vifo vile, alipe dola milioni 33.5. Hakulipa ila tone. Pensheni yake ya mpira haigusiki kisheria, naye akahamia Florida akacheza gofu.

Yaani mahakama moja haikumtia hatiani, nyingine inasema alipe. Ndiyo maana ubishi hauishi. Kila mtu ana hukumu yake ya kuonyesha.

Mambo mengine nayapita haraka. Kitabu cha 2007 kuhusu "kama ningefanya", ambacho mahakama ilikigawia familia ya Goldman, nao wakaliandika neno "kama" kwa herufi ndogo kabisa kwenye jalada mpaka ulitafute kwa tochi. Septemba mwaka huo huo kuvamia chumba cha hoteli Las Vegas kudai vitu vyake vya kumbukumbu. Kutiwa hatiani Oktoba 3, 2008, tarehe ile ile, miaka 13 kamili baadaye. Kupewa miaka 33, kukaa tisa, kutoka Oktoba 2017. Na wakati wote huo watu wanabadilika: mwaka 1995 weusi wengi Marekani walisema hakuua, lakini kura ya maoni ya 2015 ilikuta zaidi ya nusu ya weusi nao wanasema huenda aliua. Muda umepita, hasira za Rodney King zimepoa, wakaanza kuiangalia maiti.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye yangu, mpenzi msomaji.

Usiku ule wa 1995 nilikuwa naishi kwa dada yangu mkubwa na shemeji. Nimerudi kutoka kijiweni nimechangamka, nakuta dada yuko uani anaosha vyombo. Nikampa habari, O.J. kaachiwa! Akaniuliza bila kugeuka: "Huyo mwanamke aliyekufa anaitwa nani?"

Sikujua. Nakuapia, miezi yote ile ya kufuatilia kesi, najua jina la jaji, najua mawakili, najua rangi ya gari, jina la marehemu silijui. Nikasema, "Si mke wake tu." Dada akasema, "Haya."

Shemeji alikuwa mtu wa watu. Mtaani kila mmoja anamsifu, mcheshi, mkono wazi, timu ya mtaa yeye ndiye mfadhili. Mimi mwenyewe ada ya shule alinilipia yeye. Na dada alikuwa anapigwa. Si mara moja. Usiku nasikia, navuta shuka. Mara mbili alikimbilia nyumbani kwa wazazi, wazee wakakaa kikao, shemeji akaja na maneno matamu na doti za kanga, wazee wakasema bwana ni mzuri ila ana hasira kidogo, rudi kwa mumeo. Kikao cha pili nilikuwepo. Niliulizwa kama nimewahi kuona chochote. Nikasema mimi huwa nalala mapema.

Baadaye sana ndiyo nilisoma ya Nicole. Mwaka 1989, usiku wa mwaka mpya, polisi waliitwa, wakamkuta katoka vichakani uso umevimba, amevaa sidiria na suruali tu, anasema ataniua. Akawaambia mmeshakuja mara nane na hamjafanya lolote. O.J. hakubisha shitaka lile, akapewa kifungo cha nje na kazi za jamii. Hertz wakaendelea naye kwenye matangazo. Oktoba 1993 Nicole akapiga simu polisi tena, sauti imerekodiwa, inachezwa mpaka leo, na ngurumo za mwanamume zinasikika nyuma. Jopo waliyasikia hayo. Mwanajopo mmoja alisema baada ya kesi kwamba habari za kipigo zilikuwa kupoteza wakati. Kupoteza wakati!

Kwa hiyo Jumamosi kijana aliponigeukia, "Anko, wewe uliyekuwepo enzi hizo unasemaje?", nilimjibu hivi. Kwa ushahidi ulivyoletwa, kwa polisi wale na glavu zile, jopo walikuwa na haki ya kumwachia, na mimi ningekuwemo huenda ningeinua mkono pamoja nao. Na naamini aliua. Yote mawili, kichwa kimoja. Kinyozi akasema hiyo ni kuzuga, chagua upande. Kijana akasema anko unaogopa. Ndipo umeme ukakatika.

Dada aliondoka kwa yule bwana mwaka 1998, safari hii bila kikao. Ana duka lake la vitambaa sasa, wajukuu wanne. Jumamosi usiku, kofia kichwani, nikampigia simu. Baada ya shikamoo nikamwambia, "Dada, anaitwa Nicole."

"Nani?"

Nikamkumbusha. Alicheka kwanza, akasema umechukua miaka mingapi kulitafuta jina hilo? Kisha akauliza kama alikuwa na watoto. Nikamwambia wawili, walikuwa wamelala ghorofani usiku ule, mpaka polisi walipokwenda kuwaamsha.

Akakaa kimya, nasikia redio yake tu. Halafu akaniuliza lini naenda kumalizia hicho kichwa, maana Jumapili ijayo kuna harusi na hataki aibu.